Laini Ndani ya Kibiriti

Kwa miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya kabati la kioo katika duka la simu mjini Machakos, na kwa miaka hiyo yote nimeulizwa maswali matano tu. Inakaa na moto, yaani chaji? Inashika laini ngapi? Iko na redio? Inalia kwa nguvu? La mwisho huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: hii ndiyo ile ya watu wote?

Ile ya watu wote ilikuwa simu ya kugusa, nene, ya plastiki nyeusi, na kamera yake ilimpiga mtu picha akatoka na uso wa uji. Jina lake silitaji, kwa sababu kila baada ya miaka miwili lilibadilika na simu ikabaki ile ile. Mtu angetoka Kithimani, apite maduka manne yenye simu bora zaidi, aje kwangu aulizie hiyo. Nikimwonyesha nyingine ya bei hiyo hiyo, yenye kioo kizuri na prosesa ya maana, angeishika kwa vidole viwili, aigeuzegeuze kwa adabu, kisha anirudishie.

"Ni nzuri," angesema. "Sasa nipe ile."

Nilichoka. Miguu ilichoka pia, maana kabati lile halina kiti upande wangu, lakini hasa nilichoka kujua kitu ambacho hakuna aliyetaka kukisikia. Nilikuwa najua simu. Nilijua ipi inapata moto ukiitumia nusu saa, ipi imewekewa vipuri vya mwaka juzi ndani ya ganda la mwaka huu. Jioni nilisoma mambo ya simu kama wenzangu wanavyosoma habari za siasa, na nilikuwa kwenye kundi la mtandaoni la watu wa namna yangu, wengi wao vijana wa Syokimau na Mavoko walioandika Sheng niliyolazimika kuisoma mara mbili. Ile ya watu wote ilipotoa toleo jipya, tulikusanyika kuichinja. Mmoja angeandika, "Hii ni matope, buda," na mimi ningeongeza langu. Hawakujua kwamba huyo buda, huyo mzee wao, ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyevua viatu nyuma ya kabati.

Mwenye duka hakuwa na habari na hayo. Ni mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao wakabaki hapa, na Kiswahili chake hunifanya nikionee changu aibu. Yeye aliangalia kitu kimoja: nini kimetoka kabatini leo. "Chema chajiuza, mwanangu," alikuwa akiniambia, nami nilikuwa nikimjibu kwamba hata pombe haramu inajiuza. Siku moja alinisikia nikimweleza mama mmoja, kwa dakika kumi nzima, kwa nini simu aliyoitaka haifai. Mama yule aliondoka mikono mitupu. Mwenye duka alingoja afike mbali, akaniuliza kama nimeajiriwa kuuza simu au kuzisahihisha kama mitihani.

Nilinuna siku mbili. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule, na sehemu ya hasira hizo ilitoka nyumbani.

Baba yangu anaishi karibu na Ekalakala, peke yake tangu mama afariki na mdogo wangu asafiri, na mbuzi wake na masikio yanayozidi kuwa mazito. Mimi ndiye kifungua mimba, nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mwaitu, yaani mama yetu. Wakamba wengi hufanya hivyo na huwa ni utani mtamu tu, lakini baba yangu huuchukua kwa uzito. Hajawahi kunigombeza. Nilipovunja redio yake nikiwa na miaka tisa, alitoka nje akaenda kugombeza mbuzi. Mtu hamwambii mama yake kwamba amekosea.

Mdogo wangu, kitinda mimba, hakuwa na kinga hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na baba, na siku alipopata nafasi ya kazi za nyumbani huko Ghuba, baba alikataa katakata. Alikuwa amesikia habari za wasichana wanaorudi kwenye masanduku. Mdogo wangu alikuwa amesikia habari hizo hizo, na alikuwa pia amekaa miaka sita akitafuta kazi. Walirushiana maneno ambayo sitayarudia.

Kwetu anayesafiri mbali hubarikiwa na mzazi. Mzee huchukua maji kidogo mdomoni akampulizia mtoto kifuani na kwenye viganja, kama manyunyu, akasema maneno yake, na mtoto hajifuti. Siku ya safari baba alikaa kwenye zizi la mbuzi mpaka gari likaondoka. Mdogo wangu alinionyesha viganja vyake pale uwanja wa ndege, vikavu. Alicheka alipovionyesha. Mimi sikucheka.

Kule simu yake hukaa na mwajiri, naye hupewa Ijumaa alasiri tu. Miezi saba alipiga kila Ijumaa kwenye kile kisimu cha kubonyeza cha baba, na miezi saba baba hakushika. Kisha siku moja, nikiwa nimekwenda kumwona, alisema huku anamfunga mbuzi kamba, bila kuniangalia, "Mwambie yule akipiga tena nitashika."

Nilifurahi hata nikakosa akili. Nikaamua kwamba mtu asiyemwona mwanawe miezi saba hastahili kusikia sauti tu. Lazima amwone, na amwone vizuri. Nilimwambia nitamletea simu. Akasema, kama ni hivyo nimletee ile ya watu wote, kwa sababu hapo kwao kila mtu anaijua. Nilicheka. Nilimwambia, baba, wewe si watu wote.

Nikamnunulia simu iliyokwisha kutumika Ulaya, nyembamba, ya chuma na kioo, simu ambayo kundi letu lote lilikuwa linaiheshimu. Kwa pesa zile ningemnunulia mbuzi wanne. Nilimpelekea mwenyewe, na ili ajue ameshika kitu gani, nikajaza beseni maji nikaitumbukiza mbele ya macho yake. Nilihesabu mpaka sitini. Ilitoka inang'aa na inafanya kazi. Baba aliitazama, akatazama beseni, akasema, "Haya."

Simu ile ilikuwa na nafasi ya laini moja. Baba alikuwa na laini mbili, kama watu wengi wa kule. Ya zamani, ambayo mdogo wangu aliijua, ilishika mtandao pale nyumbani tu. Ya pili ilishika sokoni tu, na ndiyo watu wa mbuzi na kikundi cha maji walimpigia. Nilizikata zote ziwe ndogo, nikaweka ya sokoni, nikampa kile kipini cha kufungulia na kumfundisha: siku za kawaida hii, Ijumaa ukirudi nyumbani unatoa hii unaweka ile. Ni rahisi, nilimwambia. Kisimu chake cha zamani nilikitia mkobani nikaondoka nacho, ili asirudi nyuma.

Ijumaa ya kwanza mdogo wangu alinitumia ujumbe kwamba namba ya baba haipatikani. Ijumaa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu alituma sauti badala ya maandishi, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo: anazima? Ananiona napiga, anazima?

Nilikuwa nimempigia baba siku mbili kabla, akiwa sokoni, na nilikuwa nimemsikia bila taabu. Nilimuuliza simu ikoje, akasema simu ni nzuri sana, mwaitu. Nilimuuliza kama wamezungumza na mdogo wangu. Akasema bado, akaniuliza kama huku Machakos kumenyesha.

Basi nikafikiri kama mtu anayejua simu. Nilijua nilichomnunulia. Nikamjibu mdogo wangu, na ujumbe ule bado ninao, sijaufuta: "Simu kama ile haikosi mtandao. Nafikiri bado ana kinyongo. Mpe muda."

Ijumaa iliyofuata aliniambia kwamba mkataba wake wa mwaka mmoja unakaribia kwisha na mwajiri anataka jibu, arudi nyumbani au aongeze miaka miwili. Alikuwa amepanga kurudi. Lakini arudi kwa nani, aliuliza, kwa mtu anayemzimia simu? Nilimwandikia asisaini kwanza, ampe muda. Nilisema maneno yale yale, kwa sababu sikuwa na mengine, na kwa sababu haikunipitia kabisa akilini kwamba kosa linaweza kuwa mkononi mwa baba na si moyoni mwake.

Jumatano huwa ni siku yangu ya kupumzika. Jumatano moja nilipita dukani kuchukua mwavuli niliousahau, na kabla sijaingia nikasikia mtu akimuuliza mwenye duka, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, "Hii inakaa na moto?"

Mwenye duka akasema inakaa siku mbili.

"Inashika laini ngapi?"

Mbili.

"Iko na redio?"

Nilisimama mlangoni. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akinipa mgongo, amevaa koti lake la kanisani. Ametoka Ekalakala alfajiri, amekuja siku anayojua sipo. Mwenye duka hakumjua. Alimwambia redio ipo, naye akasema vizuri, kwa sababu jioni lazima asikie nani amekufa, asije akakosa mazishi ya mtu. Akauliza kama inalia kwa nguvu. Mwenye duka akaiwashia muziki, benchi likatetemeka, na baba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na hiyo uliyo nayo, baba, ina kasoro gani?" mwenye duka aliuliza.

"Haina kasoro. Nilipewa na mama yangu. Ni mimi sina maarifa."

Mwenye duka aliangalia mvi zake. Baba akatoa kibiriti mfukoni, akakisukuma taratibu kwa kidole gumba. Ndani hakukuwa na njiti. Kulikuwa na pamba kidogo, na juu ya pamba laini ile ya zamani.

"Hii nataka ikae ndani siku zote, isitoke," alisema. "Niko na mtoto hupiga Ijumaa."

Hapo ndipo nilipoingia. Alisimama haraka, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari, akaniita mwaitu, akaanza kunieleza kwa Kikamba kwamba alikuwa anapita tu. Niliomba ile simu yangu nzuri, nikachukua lenzi ya fundi nikaangalia lile tundu la kufungulia laini. Ndani kulikuwa na ncha ya mwiba wa mgunga, imevunjikia humo. Kipini kilikuwa kimepotea wiki ya kwanza. Ijumaa ya pili alijaribu kwa mwiba, ukakatika, na tangu hapo laini ya sokoni ilikwama ndani na laini ya mwanawe ikalala kwenye kibiriti. Pale sokoni fundi alikuwa ameikataa. Alisema simu ya namna ile hajawahi kuifungua. Chaja ikisumbua, hakuna jirani aliyekuwa na inayofanana. Na spika yake, ambayo kundi letu liliisifu kwa usafi, baba hakuwa akiisikia ila akiibana sikioni kwa mikono miwili.

Nilimuuliza kwa nini hakuweka ile laini kwenye simu ya jirani hata Ijumaa moja. Alifikiri kwanza.

"Mtu haombi radhi kwa simu ya kuazima," alisema.

Na kwa nini hakuniambia? Aliniita mwaitu tu, akakifunga kibiriti chake. Mwenye duka alikuwa ameshaelewa sasa mama gani aliyenunua simu. Akanisogezea kiti chake, ambacho hakumpa mtu hata siku moja, akasema polepole, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Niliketi. Mwiba niliutoa kwa koleo dogo kwa dakika tano.

Nimelifikiria sana jambo hili, zaidi ya nilivyotaka. Sisi tuliojua simu tuliiangalia ile ya watu wote ikiwa peke yake, juu ya meza safi, chini ya taa. Kwa namna hiyo ilikuwa matope kweli, na hata leo ukiniuliza nitakwambia kamera yake haifai. Lakini hakuna mteja wangu aliyekuwa anainunua ikae peke yake. Alikuwa anainunua pamoja na jirani anayejua pa kubonyeza ikinyamaza, na fundi wa sokoni mwenye kioo chake kwenye boksi, na chaja iliyo tayari ukutani kwenye kinu cha kusagia mahindi. Ile ya watu wote ni simu unayoweza kukwama nayo ukakuta mtu. Waliniambia hivyo kwa miaka kumi na mmoja, kwa maswali matano, nami niliwasikia kama watu wasiojua kitu.

Baba aliondoka na ile aliyoitaka, laini zote mbili ndani. Ijumaa mwenye duka alifunga adhuhuri kwa ajili ya sala kama kawaida, akaniambia nisirudi mpaka Jumatatu, na alasiri nilikuwa Ekalakala nimeketi na baba karibu na zizi. Alikuwa ameiweka simu juu ya kigoda katikati yetu. Ilipolia, mbuzi walishtuka.

Alishika. Akasema, kwa Kikamba, "Ni mimi." Upande wa pili mdogo wangu akaanza kulia, na kwa spika ile kilio kilisikika mpaka barabarani. Baba alingoja. Alimwambia simu yake ilikuwa imeharibika, kwamba aliiharibu yeye mwenyewe kwa mwiba, kwa ujinga wa uzee. Hakunitaja. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake na hakunitaja.

Kisha akauliza, "Unakuja lini?"

"Nau," mdogo wangu alisema. Ndivyo tunavyomwita baba. "Nilisaini Jumatatu. Miaka miwili. Nilidhani hutaki kuniona."

Nilitamani baba aniangalie. Nilitamani anigombeze hata mara moja maishani, nipate pa kuweka uzito ule. Aliangalia mbuzi wake. Baada ya muda akaniomba maji ya kikombe, na nilipokimbilia jikoni nilidhani ana kiu.

"Fungua mikono," alimwambia mwanawe. "Iweke karibu na simu."

Alipiga funda, akainamia kigoda, akapuliza. Maji yalitoka kama manyunyu, yakaangukia kioo chote na vile vitundu vidogo vya spika. Akasema maneno yake. Aende salama alikokwenda, akae salama aliko, arudi akimkuta. Nami, Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa umeshanyosha ncha ya leso niyafute, kwa sababu najua simu ipi inavumilia maji na ipi haivumilii. Baba aliuzuia mkono wangu kwa kiwiko, taratibu, bila kukatiza maneno. Tuliyaacha yakauke yenyewe.

Tangu siku hiyo spika ya simu ile inakwaruza. Kila Ijumaa sauti ya mdogo wangu inatoka kama ya mtu mwenye mafua, na baba huinama zaidi ili aisikie. Kubadilisha spika ni kazi ya dakika kumi, na vipuri vimejaa kila mahali. Nimemwambia mara tatu. Anasema niiache, inasikika.

Ile nyingine, isiyoingia maji, iko kwenye droo yangu, nzima kabisa.